Kupunguza chenga kwenye picha ya MRI iliyoharakishwa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila muhula. "Nimeruka mistari mitatu kati ya minne, picha imejaa chenga, nitumie kichujio gani?" "Mbona katikati ya ubongo kuna chenga nyingi kuliko pembeni?" "Nimepunguza chenga mpaka picha imekuwa kama nta, nimekosea wapi?" Nimeyajibu kwa vipande, huyu hiki na yule kile. Leo nayaweka pamoja, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe naufuata ninapopewa data mpya.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Chenga ninazozisema ni ule mchanga mweusi na mweupe unaotapakaa kwenye picha, kama televisheni ya zamani antena ilipolegea. Wengine huziita kelele, na hawajakosea. Ila usizichanganye na ule mgongano mkubwa anaousikia mgonjwa akiwa ndani ya mashine. Huo unatokana na koili za gradienti zinazotikisika, na dawa yake ni vizibo vya masikio.

Na kabla hujaandika amri yoyote, shika jambo hili moja: chenga za picha iliyoharakishwa hupunguzwa wakati picha inaundwa, si baada ya kuundwa. Picha ikishakamilika, taarifa ya koili ipi (yaani antena inayopokea ishara ya mwili) ilisikia nini imeshapotea. Kichujio unachokipitisha hapo hakijui tofauti kati ya chenga na mshipa mdogo wa damu, kitafuta vyote viwili.

Nadharia kidogo tu

Mashine ya MRI haipigi picha moja kwa moja. Inakusanya mistari ya data katika kile tunachokiita nafasi ya k, kisha hesabu ya Fourier inaigeuza kuwa picha. Kila mstari unagharimu muda. Ukiruka baadhi ya mistari, mgonjwa anatoka mapema, lakini picha inakunjana: kisogo kinaonekana juu ya paji la uso. Kinachoikunjua ni koili nyingi zilizozunguka mwili, kwa sababu kila moja inasikia vizuri upande wake. Wazo hili ndilo lililo ndani ya SENSE, iliyochapishwa na Klaas Pruessmann na wenzake mwaka 1999, na ndani ya GRAPPA ya Mark Griswold na wenzake ya mwaka 2002.

Kuharakisha kuna gharama mbili. Ya kwanza, umekusanya data kidogo, kwa hiyo uwiano wa ishara na chenga unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha R, ambapo R ni mara ngapi umeharakisha. Ya pili, kule kukunjua kwenyewe kunakuza chenga kwa kiasi kinachoitwa g, na g hubadilika kutoka sehemu moja ya picha hadi nyingine. Chukua R ya 4 na g ya 1.5: unagawanya kwa 2, halafu kwa 1.5, unabaki na theluthi moja ya uwiano uliokuwa nao. Kwa R ya 2 na g ya 1.1 unabaki na takribani asilimia 64. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la katikati ya ubongo. Katikati iko mbali na koili zote, zinasikia karibu kitu kimoja, kwa hiyo hesabu ya kukunjua inahangaika, na g inapanda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Linux, au Mac, au Windows yenye WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Kwa kipande kimoja cha picha, RAM ya GB 8 inatosha. Kadi ya michoro si lazima.
- BART, programu huria ya kuunda picha za MRI inayotumia amri za mstari mmoja mmoja. Kwenye Debian na Ubuntu imo ndani ya hazina ya vifurushi. Mifano yote hapa chini ni ya BART.
- Python yenye NumPy na h5py, kwa kusoma faili na kutengeneza michoro.
- Data ghafi ya koili nyingi. Siyo DICOM, yaani faili la picha iliyokwisha kuundwa na mashine. Narudia, siyo DICOM. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 1.
- Skani ya chenga: data iliyokusanywa bila kurusha mawimbi yoyote, mashine ikisikiliza tu. Mashine nyingi huikusanya zenyewe kabla ya skani na kuihifadhi ndani ya faili ghafi bila mtu kujua. Itafute kabla ya kusema huna.
- Kama data ni ya mgonjwa: kibali cha maadili na faili lililoondolewa majina. Kichwa cha faili ghafi mara nyingi kinabeba jina, tarehe ya kuzaliwa na uzito wa mtu. Fungua uangalie kabla ya kulinakili kwenye kompyuta yako.

Na picha utakazozitengeneza ni za kujifunzia na utafiti. Asitibiwe mtu kwa kuzitegemea.

Hatua ya 1: Pata data sahihi

Kama huna data, anza na picha bandia:

```
bart phantom -k -s 8 -x 256 safi
bart noise -s 1 -n 1 safi ghafi
bart scale 0 safi tupu
bart noise -s 2 -n 1 tupu chenga
```

Sasa una `ghafi`, yaani data ya koili 8 yenye chenga, na `chenga`, yaani skani ya chenga peke yake. Namba baada ya `-n` ndiyo kiasi cha chenga. Ibadilishe sehemu zote mbili hadi picha ya mistari yote ianze kuonyesha chenga kidogo.

Ukishazoea amri, iache picha bandia. Imejengwa kwa maumbo bapa yenye kingo kali, na mbinu tutakazotumia hupenda sana maumbo ya aina hiyo, kwa hiyo matokeo yake hupendeza kuliko ukweli. Goti la mtu lina mfupa wenye vishimo vidogo na gegedu nyembamba, na huko ndiko mbinu inakopimwa. Data ghafi ya magoti iko kwenye mkusanyo wa fastMRI, uliotolewa kuanzia mwaka 2018 na chuo cha tiba cha NYU kwa ushirikiano na Facebook. Unajaza fomu ya makubaliano, unapewa kiungo. Ndani ya kila faili tafuta kipengele kinachoitwa `kspace`.

Sasa suala la DICOM. Wengi huchukua picha iliyokamilika, wanaipitisha Fourier, wanafuta mistari, kisha wanafurahi kwamba mbinu yao inafanya kazi hata kwa R ya 8. Picha hiyo ilishachujwa na mashine, mara nyingi imekuzwa kwa kujazwa sifuri pembeni, na awamu yake (pembe ya wimbi kwenye kila pikseli) imetupwa. Mwaka 2022 Efrat Shimron na wenzake walionyesha wazi kuwa data ya namna hii hufanya mbinu zionekane bora kuliko zilivyo. Ukianza na DICOM, yote yanayofuata hapa hayana maana.

Hatua ya 2: Punguza chenga kwenye mashine kwanza, kama unayo nafasi

Kama skani bado haijafanyika na una sauti katika mpangilio wake, hapa ndipo pa faida kubwa kuliko kompyuta yoyote. Ruka mistari kwenye mwelekeo ambao koili zimejipanga nyingi zaidi. Kwa skani ya pande tatu, gawa R ya 4 iwe 2 kwa 2, usiiweke yote upande mmoja, na utaona g inavyoshuka. Punguza upana wa bendi kadiri mwendo wa mgonjwa na upotoshaji wa picha unavyoruhusu. Na jiulize kama kweli unahitaji pikseli ndogo hivyo: ukipunguza kila upande wa pikseli kwa nusu bila kugusa unene wa kipande, ujazo unabaki robo, na ishara nayo inabaki robo.

Kurudia skani na kuchukua wastani kunasaidia, ila polepole: kurudia mara nne kunaongeza uwiano mara mbili tu. Unaponunua wastani kwa muda uleule uliouokoa kwa kuharakisha, jiulize uliharakisha kwa nini.

Kwenye mashine za uga mdogo mambo ni tofauti kidogo. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kiliunganisha pale pale mashine ya MRI ya bei nafuu yenye sumaku za kudumu, uga wake ukiwa takribani 0.05 T (tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku), kwa ajili ya watoto wenye vichwa maji. Linganisha na 1.5 T au 3 T za hospitali kubwa. Mashine za aina hiyo mara nyingi huwa na koili moja, kwa hiyo hakuna kukunjua kwa SENSE wala GRAPPA. Kazi huwa ni wastani, kuzuia mawimbi ya redio ya nje, na hatua ya 7. Nimelitaja hili kwa sababu naamini wengi wa wasomaji wa mwongozo huu watakutana na mashine kama hizo kuliko zile za 3 T.

Hatua ya 3: Sawazisha chenga kati ya koili

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida ya haraka zaidi. Koili hazina chenga sawa. Moja inaweza kuwa na kikuza mawimbi kilichochoka, nyingine mbili zinaweza kusikia chenga zilezile kwa sababu ziko jirani. Usipoiambia hesabu, itamwamini koili mbovu sawa na koili nzima.

```
bart whiten ghafi chenga ghafi_sawa
```

Kinachofanyika ndani: skani ya chenga inatoa matriksi ya kovariansi ya koili zote, yaani jedwali la jinsi chenga za koili zinavyohusiana, kisha data inazungushwa na kukuzwa hadi koili zote ziwe na chenga za kiwango kimoja zisizohusiana. Hakikisha:

```
bart whiten chenga chenga chenga_sawa
bart std 7 chenga_sawa kipimo
bart show kipimo
```

Lazima uone namba nane zinazokaribiana. Moja ikiwa tofauti kabisa, simama hapo, usiendelee.

Kosa la kawaida: skani ya chenga iliyokusanywa kwa upana wa bendi tofauti na skani yenyewe. Chenga huongezeka kadiri bendi inavyopanuka, kwa hiyo lazima urekebishe kiwango kwa uwiano wa bendi hizo. Kosa la pili: kupunguza idadi ya koili kwa kuzibana kabla ya kusawazisha. Sawazisha kwanza, bana baadaye. Ukigeuza mpangilio, koili yenye chenga nyingi huonekana kuwa ndiyo yenye taarifa nyingi.

Na kama kweli huna skani ya chenga? Chukua ncha za mistari, mbali kabisa na katikati ya nafasi ya k, ambako ishara ya mwili imefifia. Si kamili, lakini ni bora kuliko kutofanya.

Hatua ya 4: Ruka mistari, na ujue R yako halisi

```
bart upat -Y 256 -Z 1 -y 4 -z 1 -c 24 mistari
bart fmac ghafi_sawa mistari kidogo
```

Tumechukua mstari mmoja kati ya minne, pamoja na mistari 24 ya katikati kwa ajili ya kujifunza usikivu wa koili. Hesabu vizuri: 256 kwa 4 ni 64, ongeza 18 ya katikati ambayo haikuwamo, unapata takribani 82. Kwa hiyo R halisi ni kama 3.1, siyo 4. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi zinazotangaza R ya 4 kisha kushangaa kwa nini chenga ni chache kuliko hesabu inavyosema. Andika zote mbili.

Kama data yako iliharakishwa na mashine tayari, ruka amri hizi. Ila tengeneza `mistari` kutoka kwenye data yenyewe, kwa kuangalia ni mistari ipi si sifuri, maana tutaihitaji mbele.

Hatua ya 5: Tengeneza ramani za usikivu wa koili

```
bart ecalib -m 1 -r 24 kidogo ramani
```

Hii ni mbinu ya ESPIRiT, ya Martin Uecker na wenzake, 2014. Zifungue ramani uzitazame. Ramani nzuri ni laini kama mwanga wa taa ukutani: unang'aa karibu na koili, unafifia taratibu. Ukiona chenga ndani ya ramani zenyewe, ujue zitahamia kwenye picha, na hakuna lamda (nguvu ya kupunguza chenga, tutakayoiweka kwenye hatua ya 7) itakayoziondoa. Ongeza mistari ya katikati kwenye skani ijayo, au kagua upya hatua ya 3.

Hatua ya 6: Unda picha ya msingi, kisha pima chenga zake

```
bart pics -S -l2 -r 0.001 kidogo ramani msingi
bart toimg msingi msingi
```

Hii ndiyo picha yako ya kulinganishia. Itakuwa na chenga, usishtuke. Ihifadhi.

Sasa kupima. Kwenye picha ya kawaida isiyoharakishwa, tumezoea kuweka kisanduku kwenye kona yenye hewa na kusoma mchepuko sanifu. Kwa picha iliyoharakishwa njia hiyo ni batili. Chenga hazikutapakaa sawa: kona inaweza kuwa tulivu huku katikati kukiwa kumechafuka, na ramani za koili mara nyingi zinafuta kona kabisa hadi sifuri. Mimi mwenyewe nilitumia kona kwa miezi kadhaa nilipoanza, na jedwali zima la matokeo yangu ilibidi nilifute.

Njia ya kuaminika ni kurudia: ongeza chenga mpya unazozijua kwenye data, unda picha tena, rudia mara mia, kisha angalia kila pikseli imeyumba kiasi gani.

```
for i in $(seq 1 100); do
  bart noise -s $i -n 1 kidogo a
  bart fmac a mistari b
  bart pics -S -l2 -r 0.001 b ramani rudio_$i
done
bart join 10 $(seq -f "rudio_%g" 1 100) marudio
bart std 1024 marudio ramani_chenga
```

`ramani_chenga` inakuonyesha mahali hasa chenga zinapokaa. Ifanye pia kwa data ya mistari yote, gawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha gawanya tena kwa kipeuo cha pili cha R halisi, na hapo una ramani ya g. Usisahau `-S` kwenye kila amri ya `pics`. Bila hiyo kila picha inarudi na ukubwa wake wa namba, na utakuwa unapima tofauti za ukubwa badala ya chenga.

Tahadhari: kipimo hiki kina maana safi kwa mbinu za mstari kwa maana ya kihisabati (linear), kama hii ya `-l2`. Kwa mbinu ya hatua inayofuata, chenga hutegemea picha yenyewe. Mahali pasipo na umbo zinafutwa kabisa, penye ukingo zinabaki. Ukitoa namba moja ya uwiano kwa picha kama hiyo, unampotosha msomaji.

Hatua ya 7: Sasa punguza chenga

```
bart pics -S -i 100 -R W:3:0:0.005 kidogo ramani picha
```

Amri hii inatafuta picha inayokubaliana na data huku ikiwa na wevuleti (vijiwimbi vifupi vinavyojumlishwa kujenga picha) chache zenye uzito. Picha za mwili huelezeka kwa wevuleti chache, chenga hazielezeki hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayozitenganisha. Njia hii iliingia MRI kwa nguvu mwaka 2007 kupitia kazi ya Michael Lustig, David Donoho na John Pauly.

Namba ya mwisho, 0.005, ndiyo lamda: ikiwa kubwa, chenga hupunguzwa kwa nguvu zaidi. Anza na 0.001, kisha 0.003, 0.01, 0.03. Usiipandishe kidogo kidogo, hutaona tofauti. Ziweke picha nne ubavuni mwa nyingine, utazame sehemu moja ndogo yenye maelezo mengi, si picha nzima. Kwenye goti tazama gegedu na mfupa ulio chini yake. Kwenye ubongo tazama mpaka wa kijivu na cheupe.

Wengi huuliza kama lazima mistari irukwe kwa bahati nasibu. Kwa R kubwa, ndiyo, na katikati iwe na mistari mingi zaidi, ili mabaki ya kukunjana yasambae kama chenga badala ya kusimama kama mizimu. Kwa R ya 2 hadi 3 na koili nzuri, mpangilio wa kawaida unatosha: koili ndizo zinazokunjua, wevuleti inabakiwa na kazi ya chenga tu.

Hatua ya 8: Tazama ulichokiondoa

Ukisahau yote mengine, usisahau hatua hii. Macho hupenda picha laini, na picha laini inaweza kuwa imemeza kidonda. Kwa hiyo usiangalie picha peke yake, angalia mabaki: kile kilichokuwa kwenye data na hakimo kwenye picha.

```
bart fmac picha ramani kwa_koili
bart fft -u 3 kwa_koili tabiri
bart fmac tabiri mistari tabiri_kidogo
bart saxpy -- -1 tabiri_kidogo kidogo baki
bart fft -u -i 3 baki baki_picha
bart rss 8 baki_picha baki_moja
bart toimg baki_moja baki_moja
```

Fungua `baki_moja`. Ukiona mchanga mtupu, bila umbo, umeondoa chenga. Ukiona kivuli cha goti, ukingo wa fuvu, mstari wa gegedu, umeondoa mwili wa mtu. Shusha lamda.

Kisha linganisha kiwango. Ipitishe `chenga_sawa` kwenye amri tatu za mwisho, baada ya kuizidisha kwa `mistari`, na upime mchepuko wake. Mabaki yakiwa na nguvu karibu sawa na hizo chenga, lamda iko mahali pake. Yakiwa dhaifu sana, picha bado inazibeba chenga. Yakiwa na nguvu zaidi, umepitiliza, hata kama hujaona umbo. Ndiyo maana hatua ya 3 ilikuwa muhimu: bila kusawazisha, huna kipimo cha kulinganishia.

Hatua ya 9: Mtandao wa neva, kama utautumia

Sina ugomvi na akili mnemba. Kwa R kubwa inatoa picha ambazo wevuleti haiziwezi. Ila fanya hatua zote zilizotangulia kwanza, ili uwe na picha ya msingi na mabaki ya kulinganishia. Ufunze mtandao kwa data yenye chenga za kiwango kile utakachokutana nacho, maana mtandao uliofunzwa kwa 3 T ukipewa data ya 0.05 T hausemi "sijui", unachora. Kwenye shindano la fastMRI la mwaka 2020, wataalamu wa radiolojia waliona baadhi ya picha zikiwa na maumbo ambayo hayakuwamo kwenye mwili wa mtu. Na usitegemee peke yake alama za PSNR au SSIM, yaani namba za kupima jinsi picha inavyofanana na ile ya rejea, zote mbili huvumilia ulaini. Hatua ya 8 inatumika hapa vilevile, bila kubadilisha kitu.

Mambo yakikwama

*Chenga ni kali katikati tu, pembeni pako safi.* Hiyo ni g. Punguza R, au badilisha mwelekeo wa kuruka mistari. Kupandisha lamda kutayafuta maelezo ya pembeni kabla hakujagusa katikati.

*Kuna mstari mmoja wa vitone unaokata picha kutoka juu hadi chini.* Siyo chenga za joto. Ni wimbi la redio kutoka nje: mlango wa chumba haukufungwa vizuri, taa, au kifaa cha umeme kilichoingizwa ndani. Hesabu haitaliondoa vizuri, tafuta chanzo.

*Picha nzima ina mistari sambamba, au imefumwa kama mkeka.* Kuna nukta moja au chache kwenye nafasi ya k zenye thamani kubwa isiyo ya kawaida. Tazama ukubwa wa data ghafi, utaziona ziking'aa peke yao mbali na katikati. Zifanye sifuri, uzitoe pia kwenye `mistari`, uunde upya.

*Picha ni kama nta au plastiki.* Lamda kubwa. Rudi hatua ya 8.

*Kuna vijisanduku vidogo.* Ni alama za wevuleti. Kama umeweka `-n` kwenye `pics`, iondoe, kwa sababu inazima usogezaji wa nasibu unaozuia vijisanduku hivyo. Kubadili kwenda `-R T:3:0:0.005` kunaondoa vijisanduku lakini kunaleta mabaka bapa kama ramani ya nchi, chagua unachoweza kuvumilia.

*Kuna mzimu wa ukingo wa mwili katikati ya picha.* Mara nyingi eneo la picha lilikuwa dogo kuliko mwili, kwa hiyo ramani moja kwa kila koili haitoshi. Tumia `-m 2` kwenye `ecalib`, kisha unganisha picha mbili zinazotoka kwa `bart rss 16`.

*Lamda iliyofanya kazi jana haifanyi kazi kwa data ya leo.* Kiasi cha chenga ni tofauti, au `pics` imekadiria ukubwa wa data tofauti. Sawazisha chenga kwa kila data, kila siku, kisha chagua lamda kwa mabaki, usiinakili kutoka kwa mwenzako.

*Sehemu nyeusi hazifiki sifuri hata baada ya kuchukua wastani wa picha nyingi.* Umechukua wastani wa ukubwa. Ukishaondoa alama ya jumlisha au toa, chenga hazijifuti tena, zinajilimbikiza juu ya sifuri. Chukua wastani wa picha changamano (zenye ukubwa na awamu pamoja) baada ya kurekebisha awamu. Kwa skani za usambaaji wa maji, ambako ishara ni dhaifu kwa makusudi, kosa hili linaharibu vipimo vyote vinavyofuata.

*Namba za `kipimo` kwenye hatua ya 3 hazikulingana.* Angalia kama kuna koili iliyozimwa au iliyokatika: data yake itakuwa karibu sifuri. Itoe kabisa kwenye data na kwenye skani ya chenga, kisha anza upya kutoka hapo.